Majina Mawili ya Shimo la Udongo

Penye majina mawili hapafiki mtu.

Msemo huu husemwa sana katika parokia yetu ya milimani, huku Upare, hata na watu wasiojua ulikotoka. Chanzo chake ni hiki, nami nakiandika kama nilivyokisikia kwa Bibi Nampombe, ambaye tumemzika mwezi wa pili mwaka huu.

Siku aliyotusimulia ilikuwa Jumapili, baada ya misa. Sisi vijana tulikuwa tumerudi kutoka kanisani tukicheka. Daraja jipya la miguu lilikuwa limekamilika mtoni, na watu wa ng'ambo hii na ng'ambo ile walikuwa wamegombana mbele ya kanisa kuhusu jina la kuandika kwenye kibao. Mbazi, mtoto wa baba yangu mkubwa, ndiye aliyepewa kazi ya kukipaka rangi kibao hicho. Yeye hakuona tatizo.

"Nitaandika yote mawili," alisema. "Kila mtu asome la kwake, apite, aende zake."

Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya jiko, akilainisha chungu kibichi kwa gunzi la hindi. Hakuinua uso.

"Penye majina mawili hapafiki mtu."

"Mimi nimeshafika, Bibi," Mbazi akasema. "Leo asubuhi nimepita pale mara mbili, na viatu vya kanisani."

"Umepita kwa sababu unapajua. Je, asiyepajua?"

Dada yangu akamwuliza msemo huo umetoka wapi. Bibi akageuza chungu chake upande wa pili, akakitazama, akakiweka chini kwenye majani ya mgomba. Akatuambia tukae.

Bibi Nampombe alikuwa shangazi wa baba zetu. Ndiye aliyewalea, kwa sababu mama yao, Nakijwa, alifariki baba yangu akiwa bado ananyonya. Sisi wajukuu tulijua tu kwamba bibi yetu mzaa baba "alifia kwenye udongo". Hatukuwahi kuambiwa zaidi ya hapo, wala hatukuuliza. Kuanzia hapa ni maneno ya Bibi Nampombe mwenyewe.

Zamani huku kwetu mahali hapakupewa jina ili papendeze. Jina lilikuwa la kuitia watu. Milima imesimama ikitazamana, mtu wa huku anamwona wa kule akipalilia maharage, lakini kumfikia ni saa nzima ya kushuka na kupanda. Kwa hiyo mtu akipatwa na shida hakupiga kelele za "nakufa" wala "njooni". Upepo unakula maneno mengi. Alipanda mahali pa wazi, akapiga ukemi, ile sauti ndefu ya kuitia, akataja jina la mahali alipo. Mara tatu, basi. Aliyesikia alilirudia jina lile ili mlima unaofuata nao usikie, ndipo akakimbia.

Ndiyo maana majina ya kale ni mepesi na kila moja linasema kitu. Penye Nyuki, kuna nyuki kwenye ufa wa jiwe mpaka leo. Mlango wa Baridi ndipo upepo unapoingilia. Kwenye Pembe, waliofyeka msitu walikuta pembe ya nyati imeota kuvu. Na pale wanawake walipochimba udongo wa kufinyangia vyungu paliitwa Udongoni. Hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini.

Udongoni pako katikati. Juu yake kuna kijiji cha Mringeni, na chini, ng'ambo ya mto, ndiko kwetu Mkuyuni. Kutoka Mringeni ni kushuka tu, hujamaliza kutafuna pingili ya muwa umeshafika. Kutoka kwetu ni kuvuka mto na kupanda, saa nzima. Wanawake wa pande zote mbili walichimba hapo, na vyungu vyao vilifika sokoni tambarare vikiwa vimefungwa pamoja.

Kisha akaja padre mpya. Alitaka kuzijua sehemu zote za parokia, ili akiitwa kwa mgonjwa asipotee njia. Akamtuma katekista Yakobo azunguke na daftari, aandike kila mahali na asili ya jina lake. Lilikuwa wazo zuri. Yakobo naye alikuwa mtu mwema, ila alipenda majina yenye watu ndani yake. Alipofika Udongoni akasimama na kalamu yake, akaona jina lile halifai kuandikwa.

"Lazima pana jina la kweli," akawaambia wazee waliomfuata. "Nani alikuwa wa kwanza kuchimba hapa?"

Mzee Sangiwa wa Mringeni akasema ni babu yake, Kajiru. Baba yangu, Mzee Mchome wa Mkuyuni, akasema hapana, ni babu yake, Mavura. Wakabishana mpaka jua likawa la utosi. Yakobo akaandika yote mawili, Kwa Kajiru na Kwa Mavura, akafunga daftari, akaenda kula. Mimi nafikiri hakuna hata mmoja kati ya mababu wale aliyewahi kuugusa udongo ule. Kuchimba udongo wa vyungu ni kazi ya wanawake tangu kuumbwa kwa ulimwengu. Lakini sisi wanawake hatukuulizwa, nasi hatukusema.

Ugomvi ulianza kama utani. Kwetu Mkuyuni baba alipitisha kwamba mtu wa nyumba yake akitamka "Kwa Kajiru" asiingie ndani kabla ya kusukutua mdomo kwa maji mara tatu. Majirani wakaipenda sheria hiyo, wakaifuata. Kule Mringeni Mzee Sangiwa akafanya lake. Nyuma ya mgongo wa mlima, mbali, kuna korongo walikokuwa wakitupa mizoga ya mbwa. Akasema, "Wanaotafuta Kwa Mavura, ni kule." Watu wakacheka. Wakaanza kuliita korongo hilo Kwa Mavura, kila siku, mpaka kicheko kikaisha na jina likabaki.

Miaka ikapita. Watoto waliokuwa wadogo wakati ule wakakua, wakawa vijana wenye ndevu. Wale wa Mringeni hawakujua kwamba ulikuwa utani. Kwao Kwa Mavura palikuwa korongo la mbwa. Jina la Udongoni likafa. Ukilitaja, watu walikuona kama mtu anayesema lugha ya watoto.

Msidhani tulikuwa maadui. Tulizikana, tulioana, tuliazimana majembe. Ugomvi ulikuwa wa jina tu, na kwa sababu ulikuwa wa jina tu, hakuna aliyeuogopa. Kaka yangu Elinaja akamwoa Nakijwa, binti wa Mzee Sangiwa huyo huyo. Ndiye bibi yenu.

Nakijwa alikuwa mtu wa mzaha. Jina la kwao lilimtoka kila mara, na kila mara alisimama mlangoni na kata ya maji akisukutua huku mama mkwe anamtazama. "Wifi," aliniambia, "meno yangu yatang'aa kuliko ya Mzungu. Nyumba hii inaniozesha kwa maji." Hata baba alikuwa akigeuka pembeni asionekane anacheka. Lakini sheria hakuifuta.

Mvua za masika zilikuwa zimekatika wiki moja tu. Tulihitaji udongo, kwa sababu vyungu havifinyangwi wakati wa mvua, na nyumba nyingi zilikuwa zimevunjikiwa. Nakijwa akamnyonyesha mtoto, huyo baba wa hawa wawili mbele yangu, akamwachia mama pamoja na yule mkubwa, baba yake Mbazi. Tukaondoka sisi wawili na vikapu vyetu.

Kuchimba udongo kuna taratibu zake. Chuma ni mwiko shimoni. Tulichimba kwa mti uliochongwa ncha, kwa sababu walisema udongo ukiguswa na jembe vyungu hupasuka motoni. Na mmoja akiingia, mwingine hukaa nje kupokea kikapu. Udongo mzuri uko ndani, mweusi, laini, kwa hiyo shimo huingia chini ya ukingo kama pango. Nakijwa aliingia. Mimi nilikaa nje.

Nilipokuwa nikipokea kikapu cha tatu niliona ufa juu ya ukingo. Ulikuwa mwembamba, ungeweza kusema ni uzi.

"Wifi, toka," nikamwambia. "Huku juu pamepasuka."

"Kimoja tu. Ungeuona udongo wa huku, ni kama samli."

Sikusikia kishindo. Udongo wenye maji hauna kishindo, unakaa tu, kama mtu mnene anavyokaa kitini. Niliona mdomo wa shimo haupo. Nilianza kuchimba kwa mikono, kisha kwa ule mti, na mti ukavunjika. Nilipata tundu la kuingiza mkono. Ndipo nikasikia sauti yake. Alikuwa amebaki na nafasi nyuma ya udongo, kichwa na mabega viko huru, kuanzia kifuani kwenda chini amebanwa.

"Uko peke yako?" akaniuliza.

"Niko peke yangu."

"Basi usichimbe. Unaniangushia. Nenda kaite." Alipumua kidogo. "Ita Kwa Kajiru, wifi. Baba yuko nyumbani leo, anachonga mzinga."

Juu ya shimo kuna mwamba wa kuitia, hatua kama ishirini. Nilipanda. Nikapiga ukemi, nikajaza kifua. Nikaita, "Kwa Mavura." Nikaita mara tatu.

Kutoka Mringeni vijana wakalirudia. Walilirudia vizuri, kwa pamoja, kama inavyotakiwa, na mbali kule chini nikasikia Mkuyuni nao wamelipokea. Nikamshukuru Mungu. Kisha nikawaona vijana wa Mringeni wakitoka kwenye migomba, saba au wanane, na majembe mabegani. Walikimbia kwa nguvu zao zote. Walipanda mgongo wa mlima wakaenda upande wa pili, kwenye korongo la mbwa. Niliwaona mgongo mmoja baada ya mwingine ukizama nyuma ya mlima. Wale vijana hawakuwa na kosa lolote. Waliitwa mahali, wakaenda mahali hapo.

Wazee walijua kwamba ni Udongoni. Haya niliambiwa baadaye na jirani yake Mzee Sangiwa, mwanamke aliyekuwa akianika mahindi karibu naye. Jina liliposikika mzee aliinua kichwa, akasikiliza, akaendelea kuchonga mzinga wake.

"Mzee, sauti imetoka huku chini," yule mama akamwambia. "Si korongoni. Tusishuke?"

"Wana jina lao, wana watu wao," akajibu. "Wakiwa na shida ya kweli watapaita kwa jina lake."

Mimi juu ya mwamba nilikuwa nimeelewa. Nikaita, "Kwa Kajiru." Sauti ilinitoka kama ya mtu mwingine. Niliita mara tatu, na mara tatu nyingine, na nyingine tena. Vijana walikuwa wameshavuka mgongo na upepo ulikuwa unatoka kwao. Hawakusikia. Mzee Sangiwa alisikia. Kusikia binti wa Mkuyuni akilitaja jina la Kajiru kwa kinywa chake, alijua hapo si mzaha. Alitupa tezo, akachukua jembe, akashuka.

Alikuwa na umri mkubwa na mguu mmoja mbovu. Alianguka mara mbili nikimwona. Nilishuka kwenye mwamba kumpokea, na nilipopita shimoni nikaona lile tundu langu halipo. Ukingo ulikuwa umekaa tena mara ya pili. Nikaita, "Wifi." Nikaita tena.

Mzee alifika akihema, udongo umejaa magotini.

"Nani yuko humo?"

Nilipiga magoti, nikaanza kuchimba kwa mikono.

"Binti, nakuuliza. Nani yuko humo?"

"Nakijwa, baba."

Alinitazama kana kwamba nimemtajia mtu asiyemjua. Kisha akainua jembe. Mwiko wa chuma hakuukumbuka, wala mimi sikumkumbusha. Alichimba na mimi nikazoa kwa kikapu. Watu wetu wa Mkuyuni walipofika, na kaka yangu mbele yao, tulikuwa tumeshafika kwenye nywele zake. Alikuwa bado ana joto. Udongo ni mbaya kwa hilo, unamhifadhia mtu joto lake mpaka unadhani umewahi.

Wale vijana walifika wa mwisho, wamelowa jasho. Walikuwa wamezunguka korongo lote wakitafuta aliyeita. Mmoja wao alikuwa mdogo wake Nakijwa, tumbo moja. Alisimama na jembe lake akawa anarudia, "Lakini mliita Kwa Mavura. Si mliita Kwa Mavura?"

Tulimzika siku ya pili. Mama alikaa na watoto wawili mapajani, na yule mdogo alilia njaa mazishi yote, watu wakawa wanampokezana. Baada ya sala, kabla watu hawajatawanyika, baba yangu Mzee Mchome akaomba maji. Walidhani ana kiu. Akaletewa kata, akasukutua, akatema. Akasukutua tena na tena, mara tatu, mbele ya watu wote. Kisha akasema, "Udongoni." Neno hilo tu, akaenda kukaa.

Katekista Yakobo alikuwapo na daftari lake. Alikuwa analia. Aliona, nadhani, kwamba anaweza kutengeneza kitu. Akamwendea Mzee Sangiwa akamwambia, kwa upole kabisa, kwamba sasa mahali pale pangeweza kuitwa Kwa Nakijwa, ili asisahaulike.

Mzee alikuwa ameketi chini. Bado alikuwa na udongo mweusi kwenye kucha.

"Hapo umeandika mangapi?" akauliza.

"Mawili, mzee."

"Futa."

"Nifute lipi?"

"Yote. Na la mwanangu usiliandike. Asiwe jina la tatu." Kisha akasema yale maneno, na hakuyasema kwa sauti kubwa. "Mimi nilisikia nikakaa. Wenye miguu walisikia wakapotea. Penye majina mawili hapafiki mtu."

Hapo ndipo msemo ulipoanzia.

Tulidhani Bibi Nampombe amemaliza. Alikichukua chungu chake kutoka kwenye majani ya mgomba, akaanza tena kukipitishia gunzi shingoni. Udongo ule, kama udongo wote aliotumia tangu tupate akili, alikuwa ameletewa na wanawake wengine. Yeye hakwenda kuchimba.

Mbazi ndiye aliyeuliza. Aliuliza polepole, si kwa namna yake ya siku zote.

"Bibi, kwani yeye si alikwambia uite Kwa Kajiru?"

"Aliniambia."

"Sasa mbona..."

"Nilikuwa mtoto wa nyumba ya Mchome," alisema. "Miaka yote ile sikuwahi kusukutua hata siku moja. Baba alinisifu kwa hilo mbele ya wageni." Alilitazama gunzi, akaliondoa chembe ya mchanga. "Na ule mwamba hauko mbali na shimo. Hatua ishirini. Nilipoita mara ya kwanza, alinisikia. Akasema kutoka ndani, 'Siyo hilo, wifi.' Nilimsikia vizuri kama ninavyokusikia wewe. Nikaita lile lile mara ya pili, na mara ya tatu."

Alifinyanga mpaka jua likapungua, akatutuma kuni.

Wiki hiyo Mbazi alipaka kibao cha daraja. Aliandika neno moja, DARAJANI, kwa rangi nyeupe. Watu wa ng'ambo hii walikuja kumlaumu, na wa ng'ambo ile nao wakaja. Walimwuliza kama hajui historia ya mahali pale, kama hana heshima kwa wazee waliotangulia. Alikuwa anaosha brashi kwenye kopo, hakubishana nao.

"Penye majina mawili," aliwaambia, "hapafiki mtu."